Umesoma kwa Nani? Historia ya Ijaza ya Kusomesha Dini

Waislamu wa Kisuni hawana makasisi wanaotawazwa, wala mkuu mmoja wa dunia nzima mwenye kauli ya kusema huyu asomeshe na yule anyamaze. Hata hivyo, tangu karne za mwanzo, hapana aliyekaa mbele ya wanafunzi bila ya kuulizwa: umesoma kwa nani? Inasimuliwa kuwa Imam Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, hakutoa fatwa mpaka wanazuoni 70 walipomshuhudia kuwa anafaa. Hakujipima mwenyewe; walimpima waliomjua.

Ushahidi wa namna hiyo ndio ulioshika jina la ijaza, na mwenye kuitoa alikuwa mtu. Hata madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad ilipofunguliwa mwaka 1067, ikiwa na wakfu na posho za wanafunzi, kijana alitoka pale na hati ya sheikh wake, si ya madrasa.

Ijaza zenyewe hazikuwa sawa. Iko ya riwaya, ya kupokea kitabu na kukipokeza, na iko ya kusomesha na kutoa fatwa. Damascus ilivuma kwa ile ya kwanza. Hadithi zikisomwa, mwandishi aliorodhesha waliohudhuria: nani amechelewa, nani amekosa kikao, hata nani alisinzia au kupiga soga. Msafiri Ibn Battuta, ambaye miaka mitano baadaye angefika Mombasa na Kilwa, alisikiliza Sahihi Bukhari katika msikiti mkuu wa Damascus mwaka 1326. Miongoni mwa waliompa ijaza alikuwamo bibi mmoja, Zaynab bint al-Kamal.

Zaynab mwenyewe aliandikiwa ijaza nyingi akingali mtoto. Wazee walikuwa na hesabu yao: mtoto akipokea kutoka kwa mkongwe, naye akajaaliwa umri mrefu, sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, inakuwa fupi. Zaynab aliishi miaka zaidi ya 90, na wanafunzi wakamfuata kutoka mbali. Lakini ijaza ya mtoto mchanga inalinda mnyororo tu. Haisemi lolote kuhusu ufahamu wake. Mwanazuoni wa hadithi Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, alikwisha kuiweka ijaza tupu chini ya kumsikia sheikh na kumsomea, na akaikataa kabisa ijaza ya asiyezaliwa.

Ijaza ya kusomesha ilitaka zaidi. Al-Qalqashandi, mwandishi mashuhuri wa Misri, alipewa idhini ya kusomesha na kutoa fatwa kwa madhehebu ya Shafii karibu mwaka 1376, akiwa na umri wa miaka 20 na ushei. Aliyempa, Ibn al-Mulaqqin, alikuwa bingwa wa madhehebu hayo, na uzito wa hati ulikuwa uzito wa jina lake.

Madhehebu hayo ndiyo ya pwani yetu, na utaratibu ulikuwa huo huo. Mwanafunzi alianza na kitabu cha Safina, akapanda kitabu baada ya kitabu hadi Minhaji ya Imam Nawawi. Alisoma kwa sauti. Akikosea irabu, sheikh alimkatiza hapo hapo. Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, walisafiri hadi Hadhramaut kutafuta elimu na ijaza, kisha wakasomesha Unguja hadi walipofariki, wote wawili mwaka 1925. Kwao alisoma Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy aliandika kitabu kizima kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, akionyesha nani kasoma kwa nani.

Wakati huo mtihani ulikwisha kuingia. Mwaka 1872 al-Azhar ya Misri iliweka sheria kuwa anayetaka kusomesha atahiniwe na jopo la wanazuoni katika fani 11. Mwaka 1961 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na vijana wa Afrika Mashariki wakaanza kurudi na shahada ambazo wazee wa darsa za msikitini hawakuzizoea. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo haitaji ijaza wala shahada: kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu utakaoiridhisha Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Kila njia imeziba pengo na kuacha jingine. Mtihani unamzuia sheikh kumpitisha mwanawe au mpendwa wake, lakini jopo humwona mtahiniwa kwa saa chache tu. Sheikh aliyekaa na mtu miaka mingi anajua kama anaogopa kusema asilolijua, na sifa hiyo haina somo wala alama. Kwa hiyo mwalimu mwenye shahada bado anastahili kuulizwa masheikh wake, na mwenye ijaza aulizwe ni ya kitabu gani, na je, alikisoma au alikipokea tu.