Curtis, Verckys na mdomo wa bata

Juzi jioni kijana mmoja jirani yangu hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, alikuwa amefungulia wimbo wa Aretha Franklin uitwao "Respect", wa mwaka 1967. Ulipofika katikati, sauti ya mama yule ikapumzika na saksafoni ikaingia, ile ambayo watu wetu wa dansi waliibatiza mdomo wa bata. Nikamwuliza ni nani anayepuliza hapo. Akajibu, "Si Aretha, mzee?" Nikamwambia Aretha anaimba, namwuliza mpulizaji. Akacheka: "Mzee wangu, wapulizaji nani anawajua?"

Basi huyo mpulizaji alikuwa Curtis Ousley, na jina lake la kazi lilikuwa King Curtis. Alizaliwa Fort Worth, Texas, tarehe 7 Februari 1934, na miaka ya mwanzo ya 1950 akahamia New York. Huko alifanya kazi ambayo wanamuziki wetu wanaiita deiwaka. Unaitwa studio, unasikilizishwa wimbo usioujua, unapuliza, unalipwa, unakwenda zako. Santuri ikitoka, jina kubwa ni la mwimbaji.

Mwaka 1958 kundi la The Coasters lilitoa "Yakety Yak", ikapanda mpaka nafasi ya kwanza Marekani. Saksafoni inayodonoadonoa humo kama kuku aliyekuta mtama ni ya Curtis. Mwaka huohuo Buddy Holly, kijana wa Kizungu aliyekuwa akivuma katika muziki wa roki, alimwita mpaka Clovis, New Mexico, wakarekodi pamoja. Mwaka 1965 The Beatles walipopiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, bendi ya Curtis ilikuwa miongoni mwa waliotangulia jukwaani. Na Julai 1971 John Lennon alimtaka apulize katika albamu ya "Imagine". Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba roki ni muziki wa Wazungu, mimi humwomba kwanza anitajie waliopuliza.

Tusimwonee huruma kupita kiasi, maana alikuwa na vyake pia. Katika "Memphis Soul Stew" ya mwaka 1967 anaita vyombo kimoja kimoja, kama mpishi anayetia viungo chunguni, na kila kikiitwa kinaingia. Alikuwa pia kiongozi wa bendi iliyompigia Aretha. Lakini tarehe 13 Agosti 1971, nje ya jengo lake mwenyewe New York, palizuka ugomvi na mtu aliyekuwa kwenye ngazi, akachomwa kisu, akafa. Alikuwa na miaka 37. "Imagine" ilitoka mwezi uliofuata, yeye akiwa kaburini.

Sasa ndugu zangu, twende Kinshasa. Kule kulikuwa na kijana aitwaye Georges Kiamuangana Mateta, aliyezaliwa Kisantu tarehe 19 Mei 1944 na kujifunza kupuliza katika bendi ya kanisa la Kimbangu. Alizipenda santuri za King Curtis. Jina lile la Kimarekani lilipopita masikioni mwake likageuka, akasikia "Verckys", naye akalichukua likawa lake. Kosa la sikio likazaa jina lililojulikana Afrika nzima, hata sisi tuliokuwa tukihangaika na mawimbi ya redio usiku hapa Usukumani tulilijua.

Verckys aliingia OK Jazz ya Franco mwaka 1963. Mwaka 1968, Franco akiwa safarini Ulaya, aliwachukua baadhi ya wapigaji wenzake, akaingia nao studio kurekodi nyimbo zake mwenyewe. Tajiri aliporudi hakufurahi. Mwaka 1969 Verckys akatoka na kuunda bendi yake, Orchestre Vévé. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwani hakukomea kwenye bendi. Alijenga studio yake, akawa na lebo yake, akawafadhili vijana wa Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam. Mpulizaji aliyekuwa akisimama nyuma ya mwimbaji akawa ndiye mwenye mitambo. Bila shaka naye akawa na deiwaka wake, na sidhani kama majina yao wote yaliandikwa.

Kuna wimbo wake, "Nakomitunaka", maana yake najiuliza, wa miaka ya mwanzo ya 1970. Aliuliza kwa nini picha za watakatifu na malaika ni za watu weupe, na mweusi amewekwa wapi. Wakubwa wa kanisa Katoliki kule walikasirika sana. Sisi wa Ngokolo tunaoishi jirani na kanisa kuu tuliujadili kwa sauti ya chini, maana wengi wetu tulikulia kwenye mafundisho, na picha zile ndizo tulizozijua. Verckys alifariki tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78.

Na kwetu je? Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakaweka makao Dar es Salaam, kiongozi wao Chinyama Chianza alikuwa mpuliza saksafoni. Huyo jina lake tunalo. Lakini kila msimu wa pamba, wakulima walipokuwa na fedha mkononi, bendi zilikuja Shinyanga kutoka kila upande. Mwaka mmoja katika miaka ya 1970 nilikaa benchi moja nje ya ukumbi na mpulizaji wa bendi iliyokuwa mgeni. Alikuwa anakausha kinywa cha saksafoni kwa leso, midomo imemvimba, huku ndani watu wanampigia makofi mwimbaji. Tuliongea habari za mvua na bei ya pamba mpaka akaitwa ndani. Jina sikumwuliza.

Basi wewe msikilizaji uliyekuwa ukicheza dansi Shinyanga, Kahama au Geita miaka ile, kama unamkumbuka mpulizaji yeyote kwa jina na bendi aliyopigia, niandikie. Na yule kijana nimemwandikia "Curtis Ousley" kwenye karatasi, ameibandika juu ya redio yake.