Nani Hupisha Atlanta Inapokua?

Jirani yangu ni bibi mmoja aliyevuka miaka 80. Kila wiki sanduku lake la barua linapokea kadi zilezile: tunanunua nyumba yako, iwe katika hali yoyote, fedha taslimu, piga simu leo. Zamani alikuwa anazichana. Siku hizi anazirundika kwenye kiti cha barazani, na nikipita ananionyesha kwa mkono rundo limefika wapi, kama mtu anayeonyesha mtoto amekua kiasi gani. "Wote wanataka niondoke," aliniambia siku moja, "lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitakwenda wapi."

Mtaa wetu unaitwa Pittsburgh, kusini kidogo ya katikati ya jiji la Atlanta, jimbo la Georgia. Ulianzishwa mwaka 1883 na watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani, kando ya karakana za reli. Jina lilitokana na moshi: ulikuwa mzito kama ule wa jiji la viwanda la Pittsburgh huko Pennsylvania. Kwa miaka mingi hakuna tajiri aliyeutamani. Sasa njia mpya ya kutembea na kuendesha baiskeli imetufikia, na kadi ndizo zimetangulia.

Kwetu Tanzania tunalo neno la jambo hili: kupisha. Wananchi wanaambiwa wapishe barabara, wapishe mradi, wapishe maendeleo. Ni neno la adabu kabisa, unaweza kudhani ni mtu anampisha mkubwa wake mlangoni, mpaka siku unapokuta X nyekundu imechorwa kwenye ukuta wako. Kadiri ninavyoisoma historia ya jiji hili la Kusini mwa Marekani, ndivyo ninavyoona neno hilo linaieleza vizuri kuliko maneno mengi ya wataalamu. Atlanta haijawahi kukosa ukuaji. Kila kizazi kimejiuliza nani apishe, na jibu limekuwa lilelile mara nyingi mno kuwa bahati mbaya.

Tuanze mwanzo. Atlanta haikuletwa na bandari wala mto. Mwaka 1837 wahandisi wa reli walipigilia kigingi porini kuonyesha mahali njia yao itakapoishia, na makazi yaliyoota hapo yakaitwa Terminus, yaani mwisho wa reli. Jina la Atlanta lilikuja mwaka 1845. Mwaka 1864 Jenerali Sherman aliuteka mji, na jeshi lake likachoma sehemu kubwa yake. Miaka minne baadaye ukawa makao makuu ya jimbo. Ndipo ulipozaliwa ule moyo ambao wenyeji bado wanajisifu nao: bomoa, jenga, songa mbele. Mji ulioota kwenye reli ukazoea kuamini kwamba kila mstari mpya unaochorwa kwenye ramani ni baraka kwa wote.

Mtaa wa Auburn Avenue unaonyesha kwa nini imani hiyo ina walakini. Baada ya wazungu kuwashambulia na kuwaua watu weusi mwaka 1906, biashara nyingi za weusi zilisogea huko. Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa, akatajirika kwa kinyozi, aliweka hapo kampuni yake ya bima. Martin Luther King Jr. alizaliwa mtaa huohuo mwaka 1929. Mwaka 1956 jarida la Forbes liliuita mtaa wa weusi wenye utajiri mkubwa kuliko yote duniani. Mwaka huohuo Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu za taifa. Barabara kuu iliyopasua katikati ya Atlanta ikapita juu ya Auburn, ikaukata vipande viwili. Leo ukisimama chini ya daraja lile unasikia magari tu. Hayo magari hayana haja na Auburn, yanakwenda vitongojini.

Wakati mwingine mstari ulikuwa ukuta wa kweli. Desemba 1962, baada ya daktari mmoja mweusi kutaka kununua nyumba kwenye eneo la wazungu, jiji liliweka vizuizi vya mbao na chuma kwenye barabara ya Peyton. Aliyeidhinisha ni Meya Ivan Allen Jr., na huyu hakuwa mbaguzi wa kupiga kelele. Atlanta wakati huo ilikuwa inajinadi kama jiji lenye shughuli nyingi kiasi kwamba halina muda wa chuki. Mahakama iliamuru vizuizi viondolewe Machi 1963, na miezi michache baadaye Allen huyohuyo alikwenda Washington kuunga mkono muswada wa haki za raia. Nampa heshima yake kwa hilo. Lakini kisa cha Peyton kinanifundisha kwamba mtu mwenye nia njema, akiogopa bei za nyumba zitashuka, anaweza kujenga ukuta.

Halafu ikaja treni. Mwaka 1971 wananchi wa kaunti nne walipiga kura kuhusu usafiri wa umma wa MARTA. Fulton na DeKalb walikubali, Clayton na Gwinnett wakakataa. Cobb ilikuwa imeshakataa tangu 1965. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa kodi, ila hofu ya wazungu wengi waliohamia vitongojini ilikuwa watu weusi kuwafuata kwa nauli ndogo. Clayton ilibadili mawazo mwaka 2014, wakati wakazi wake wengi walikuwa weusi. Ni zaidi ya miaka 40 ya kura moja. Ukikaa kwenye foleni ya Atlanta saa 11 jioni ukajiuliza kwa nini eneo la watu zaidi ya milioni 6 lina reli fupi hivi, jibu la kihandisi halitakutosha.

Kiwanja cha besiboli nacho kina kisa chake. Miaka ya 1960 nyumba za watu weusi kusini ya katikati ya jiji zilibomolewa kupisha barabara na uwanja. Timu ikaja, ikacheza eneo hilo miaka 50, halafu mwaka 2017 ikahamia kaunti ya Cobb, ambako treni haifiki. Waliopisha hawakurudishiwa nyumba zao. Kabla ya Olimpiki ya 1996 ilikuwa zamu ya Techwood, nyumba za kwanza za umma zilizojengwa na serikali ya Marekani. Zilipofunguliwa mwaka 1936 zilikuwa za wazungu peke yao. Zilipobomolewa, wapangaji wake wengi walikuwa weusi.

Sasa, rahisi kusema hapa ni wazungu na weusi, basi. Haitoshi. Tangu Maynard Jackson achaguliwe mwaka 1973, kila meya wa Atlanta amekuwa mtu mweusi. Jackson alilazimisha kampuni za weusi zipate sehemu ya kandarasi za jengo jipya la uwanja wa ndege, lililofunguliwa mwaka 1980, na matajiri wapya wakatokea. Lakini utafiti ulioongozwa na mchumi Raj Chetty, uliotoka 2014, ulionyesha kwamba mtoto wa familia zilizo kwenye tano ya chini ya kipato hapa alikuwa na nafasi ya asilimia 4.5 tu ya kufika tano ya juu. Salt Lake City ilikuwa asilimia 10.8. Kuwa na meya anayefanana na wewe ni jambo kubwa, mimi mwenyewe nalithamini. Ila kodi ya majengo haiangalii sura.

Ndipo tunafika kwenye njia iliyoleta zile kadi. BeltLine ilianza kama tasnifu ya mwanafunzi wa Georgia Tech, Ryan Gravel, mwaka 1999. Alipendekeza reli kuukuu zinazoizunguka Atlanta, kilomita kama 35, zigeuzwe njia ya treni za abiria ziunganishe mitaa iliyotenganishwa. Wazo zuri sana, na kwa historia hii, wazo la toba. Kilichojengwa mpaka sasa kwa sehemu kubwa ni njia ya miguu na baiskeli, na pembeni yake maghorofa ya kupangisha. Mwaka 2016 Gravel alijiuzulu kwenye bodi ya taasisi inayochangia mradi, akilalamika kwamba suala la nyumba za bei nafuu halipewi uzito. Sensa ya 2020 ilikuta watu weusi hawafiki nusu ya wakazi wa jiji.

Mimi si mpinzani wa BeltLine. Natembea humo jioni, naipenda. Na haki isemwe: upo mfuko unaowalipia baadhi ya wenye nyumba wa zamani nyongeza ya kodi ya majengo. Lakini mpangaji haumhusu, na mtaani kwetu wapangaji ni wengi. Ninachotaka ni mpangilio ubadilike. Nyumba za bei nafuu zijengwe kabla ya njia kufika, ardhi ishikwe na jamii wakati bado ni rahisi, na treni iliyoahidiwa ianze na mitaa ambayo watu wake hawana gari. Tangu 1837 hapa mstari hutangulia, watu wakafuata au wakaondoka. Sioni sheria ya asili inayosema lazima iwe hivyo.

Juzi nilimuuliza bibi kama anafika hiyo njia mpya. Akasema alikwenda mara moja na mjukuu wake, pazuri, pana taa na mabenchi. "Nimeomba taa mtaani hapa miaka 30," akasema. Kisha akachukua kadi ya siku hiyo, akaiweka juu ya rundo.