Pumzi Chini ya Mabati: Historia ya Kutuliza Moyo Sarang'ombe

Wadi ya Sarang'ombe imo katika eneobunge la Kibra jijini Nairobi, na ukivuka Barabara ya Ngong kuelekea kaskazini-magharibi unaingia Kawangware. Siku hizi mazoezi ya kupumua ili kutuliza moyo huzungumziwa huko kama kitu cha wageni, kilichoshuka kwenye gari la shirika pamoja na mikeka ya yoga. Mikeka ni mipya, sikatai. Lakini watu waliohamia mitaa hii, kizazi baada ya kizazi, walikuja na namna zao za kutibu hofu na huzuni kwa pumzi. Walifanya hivyo kwa sauti, tena wakiwa wengi.

Wa kwanza walikuwa Wanubi. Mwaka 1904 askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan walianza kupewa makao katika msitu wa Kibra, ambao leo ni Kibera, nao walikuja na Uislamu wa nchi ambako tarika za Kisufi zimeota mizizi mirefu. Pwani nako tarika zilikuwa zikishamiri. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ndiye aliyeieneza tarika ya Qadiriyya hadi Unguja. Katika zikri ambayo wengine huiita zikri ya kukohoa, watu husimama duara, huinama na kuinuka pamoja, na jina la Mungu hufupishwa kidogo kidogo hadi kinachosikika ni pumzi nzito inayotoka kifuani. Anayeongoza ndiye anayejua lini kasi iongezwe na lini watu washushwe taratibu. Hiyo ni elimu, na hujifunzwa kwa miaka. Nyumbani kulikuwa na njia ya upole zaidi: mtoto asiyelala usiku husomewa Kurani, na mwalimu akamaliza kwa kumpulizia utosini au kupulizia maji atakayokunywa. Mgonjwa haambiwi ahesabu pumzi zake; hupewa pumzi ya mwenzake.

Mwaka 1934 unastahili kukumbukwa na kila anayeandika juu ya jambo hili. Januari, huko Musanda magharibi mwa Kenya, Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa vuguvugu la Roho miongoni mwa Waluo, aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake. Februari, katika msitu wa Ndarugu, polisi waliwapiga risasi watu watatu wa madhehebu yanayojulikana leo kama Akorino, akiwemo Joseph Ng'ang'a. Makundi haya hayakuwa na uhusiano, lakini ibada zao zilifanana: ngoma, kutetemeka, kuvuta pumzi kwa nguvu, na maombi ya uponyaji juu ya mwili wa mgonjwa. Watoto wao walipofuata kazi Nairobi, kanzu nyeupe za Roho zilifika Kibera na vilemba vya Akorino vikafika Kawangware. Serikali ya kikoloni iliiona ibada hiyo kama fujo, na wapo walioiita wazimu. Naamini walikosea vibaya.

Neno hilo la wazimu lilikuwa na ofisi yake. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910, na kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na Daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Na yoga? Imekuwapo Nairobi karibu tangu mji wenyewe uanze. Reli ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya Wahindi wapatao 32,000, na mwaka 1903 Arya Samaj ilianzishwa mjini. Sala yake ya kila siku ina pranayama ndani yake, yaani kuvuta, kuzuia na kuachia pumzi kwa mpangilio. Reli hiyohiyo inapita Kibera. Lakini mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi: Mwafrika mahali pake, Mhindi mahali pake, na Mzungu kwenye vilima. Elimu iliyokuwa umbali wa safari ya miguu ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuvuka.

Ilipovuka, ilipitia Marekani. Africa Yoga Project ilianza mwaka 2007. Mwanzilishi wake, Paige Elenson wa Marekani, alivutiwa na vijana wa sarakasi wa Kenya, kisha akarudi kufundisha. Desemba mwaka huohuo uchaguzi ukavurugika. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na Kibera reli ikang'olewa. Madarasa ya bure yaliyoenea baada ya hapo, Kibera ikiwemo, yalifanyika mahali ambapo jirani alikuwa amemchomea jirani nyumba. Kilichoufanya mradi huo ushike, kwa maoni yangu, ni kwamba waliosimama mbele walikuwa vijana wa mitaa yenyewe, na kazi hiyo ikawa riziki yao.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, lilitoa mwongozo uitwao Problem Management Plus. Mbinu yake ya kwanza ni kupumua polepole, tumbo likijaa na kushuka, maana pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo. Mwongozo ulijaribiwa katika vitongoji vya Nairobi kwa wanawake 421 waliowahi kupitia ukatili. Waliowahudumia hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya ya jamii, kwa vikao vitano vya dakika tisini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki ya waliohudumiwa hivyo ikipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nafurahi kwa wanawake hao. Lakini vikao hivyo ni vya mtu na mhudumu wake. Mikusanyiko iliyowabeba wazazi wao haikuwa na nafasi humo, na hilo ni pengo.

Kuna pengo jingine, nalo ni hewa yenyewe. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye jiko la makaa, na nje takataka zinachomwa: anayeishi humo ndiye tunayemwambia avute pumzi ndefu. Tangu 2021 kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa vumbi laini la hewani ni wastani usiozidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mabegi yenye kipima joto na kipimo cha shinikizo la damu. Kipima hewa kiongezwe humo, na wazee wa Kinubi wa mtaa wa Makina, Kibera, na wa makanisa ya Roho waitwe kwenye mafunzo yao kama walimu.