Super Mazembe: bendi inayosikika nzima Kalemie

Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya walimbandika Rais William Ruto jina la Kasongo, na wimbo wa mwaka 1977 ukarudi mitaani, ndani ya matatu na kwenye simu za watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Wimbo ulivuma kuliko walioupiga. Hao ni Orchestra Super Mazembe, na Kasongo wao hana habari na siasa: ni mume aliyeiacha nyumba yake, akisihiwa kwa Kilingala arudi. Jina lenyewe ni la Kiluba. Liite sokoni Kalemie, atageuka zaidi ya mtu mmoja. Ninashikilia kwamba bendi hii imepewa heshima ndogo kuliko kazi yake kwa sababu karibu kila aliyeisikiliza aliisikia nusu. Nairobi ilishika Kiswahili chake na kucheza Kilingala bila kukielewa. Kinshasa ilisikia Kilingala, ikaona ni ndugu wa mbali aliyehamia ugenini. Sikio linalozishika nusu zote mbili pamoja linapatikana mashariki mwa Kongo, na Kalemie ni mfano wake mzuri.

Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, ilikua kwa sababu ya kuunganisha. Reli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ilikamilika 1914. Mwaka uliofuata reli ya kutoka mji wa Kabalo ikafika ufukweni upande huu wa Ziwa Tanganyika, na meli zikaziba pengo kati ya vituo viwili. Mwaka 1956 Kabalo ikaungwa kwa reli na mji wa Kamina, na shaba ya Katanga ikapata njia ya reli hadi ziwani. Pamoja na mizigo walipita watu na maneno yao. Kiswahili ndicho cha nyumbani na sokoni, Kilingala ni cha askari na cha santuri, Kiluba na Kitabwa vinasikika pembeni. Atakayesema Super Mazembe haikuzaliwa Kalemie atasema kweli. Lakini swali langu ni wapi nyimbo zake zinaeleweka bila mkalimani.

Bendi ilianza 1967 ikiitwa Super Vox, Bukavu, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Mwaka 1974 ilitua Nairobi na kujiita Super Mazembe, yaani tingatinga zile za kuchimba na kusawazisha ardhi. Jina liliwafaa. Sikiliza ngoma zao: sahani ya shaba inagongwa mfululizo bila kupumua, kwa mwendo wa kavacha, ambao watu wengi wanamtaja Meridjo Belobi, mpiga ngoma wa bendi ya Zaïko Langa Langa, kuwa ndiye aliyeuanzisha, na ambao masimulizi yanasema ulitokana na mlio wa treni. Juu yake magitaa yanapeana zamu, la solo la Bukasa wa Bukasa likitangulia, huku waimbaji akina Lovy Longomba, Kasongo wa Kanema na Katele Aley wakipanga sauti kwa utulivu wa rumba ya zamani. Lovy alikuwa mtoto wa Vicky Longomba, mmoja wa waasisi wa bendi ya OK Jazz, kwa hiyo rumba haikuwa kitu cha kuazima. Kisha wimbo unakatika, sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, linaingia, na hapo Nairobi inasikika waziwazi: gitaa jembamba, la haraka, linalokimbia sambamba na benga ya Waluo iliyokuwa ikitamba mjini humo.

Wapo wanaosema nyimbo hizo ni nakala za Kinshasa zilizotengenezwa kwa soko la Kenya. UNESCO ilipoiorodhesha rumba ya Kongo mwaka 2021, macho ya wengi yalielekea Kinshasa na Brazzaville, na mtazamo huo ukapata nguvu. Haunishawishi. Nakala haiwezi kutunga “Bwana Nipe Pesa”, wimbo wa Kiswahili wa mke anayedai pesa ya matumizi, kwa lugha ambayo Kinshasa huiimba kwa nadra. Wengine huiita bendi ya wimbo mmoja, na hoja hiyo ni dhaifu zaidi. “Shauri Yako”, utunzi wa Nguashi Ntimbo, ulipita mikononi mwao ukawa wimbo wa harusi na baa Afrika Mashariki nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Virgin ya London ilitoa albamu yao “Kaivaska”, na mwaka 2001 mkusanyo “Giants of East Africa” ukawapeleka kwa wasikilizaji wapya. Waliosahau ni sisi wa kando ya ziwa.

Bendi ilivunjika mwaka 1985, wakati ambapo vibali vya wanamuziki wa kigeni nchini Kenya vilikuwa vigumu kupatikana. Iliondoka nyumbani, ndiyo, na wengi watauliza kwa nini tudai kilichokwenda kwa jirani. Lakini Kalemie ni mji wa watu wanaovuka. Hakuna anayeacha kuwa wa hapa kwa sababu alipanda meli ya Kigoma. Redio za Kalemie ziupige “Kasongo” wote, sebene lisikatwe ili kupisha matangazo, na mtangazaji ayataje majina ya waliouimba.