Kibaba cha Dawa

Kila mama wa Ugogo ajua kupima uwele wake. Akizidisha, ghala huisha kabla ya mavuno. Akipunguza mno, watoto hulala na njaa. Dawa nayo ina kibaba chake, na wanadamu wamejifunza jambo hili kwa taabu nyingi.

Zamani wenye homa walitwangiwa gome la mti wa kwinini, lakini gome moja lilikuwa kali na jingine hafifu. Mwaka 1820 watengeneza dawa wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitoa kwinini yenyewe katika gome, ndipo ikawezekana kumpa mgonjwa kiasi kinachojulikana. Thamani yake twaijua kwa msiba wa Daktari Livingstone. Mnamo Januari 1867 watu wa msafara wake walitoroka na sanduku la dawa, naye akaandika kwamba aliona kana kwamba amekwisha kuhukumiwa kufa. Homa ikamdhoofisha sana. Stanley alipomtafuta, alipita katika nchi yetu hii ya Ugogo mwaka 1871.

Baadaye Daktari Paul White wa Australia alikuja kutumika Mvumi, mahali palipo leo katika Wilaya ya Chamwino. Alifika mwaka 1938, akaondoka mwaka 1941. Vitabu vyake vyasimulia pia habari za wasaidizi wake Waafrika, na mmojawapo ni Daudi. Maana daktari mmoja hatoshi: hapana budi awepo mtu wa kupima dawa, kumweleza mgonjwa kwa lugha yake, na kumwuliza akirudi.

Kifua kikuu kilithibitisha neno hili. Dawa ya streptomaisini ilipatikana mwaka 1943, lakini ilipotumiwa peke yake, vijidudu viliizoea. Basi wagonjwa wakapewa dawa kadhaa pamoja, kwa miezi mingi. Tangu mwaka 1977 Tanzania, ikisaidiwa na Daktari Karel Styblo, ilianza mpango wa nchi nzima: mgonjwa ameze dawa mbele ya mwangalizi, na jina lake liandikwe mpaka apone. Baadaye Shirika la Afya Duniani likausifu utaratibu wa namna hiyo kwa mataifa mengine.

Leo kazi ya kusimamia dawa ina wenyewe, nao ni wafamasia. Na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 yawaweka chini ya Baraza la Famasi. Watu wengine hudhani kazi yao ni kuhesabu vidonge dirishani tu. Sivyo. Mfamasia huuliza, “Mama, watumia dawa gani nyingine?” Haulizi kwa udadisi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za VVU, na za vidonge vya uzazi wa mpango pia. Asiyejibu kweli hujidhuru mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi nimesimama kaburini kwa jirani yangu. Alipewa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili akapata nafuu, akasema, “Mungu ameniponya,” akaziacha. Vidonge vilivyosalia akampa ndugu yake aliyekuwa akikohoa. Ugonjwa ulimrudia kwa nguvu, na ndugu yake naye hakupona kwa vidonge vile vichache.

Je, kupima dawa ni upungufu wa imani? Someni Kutoka, sura ya 30. Mungu alipomwagiza Musa kutengeneza mafuta matakatifu, alimtajia uzito wa kila kiungo. Basi, ndugu zangu, mkipokea dawa, ulizeni: ni kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi, na pamoja na chakula gani. Kisha mmalize kibaba chote mlichopimiwa, wala msimgawie mwingine.