Walimu wa Dini katika Bonde la Lufira

Koni, iliyo kandokando ya mto Lufira huko Katanga, nchini Kongo, chini ya maporomoko ya Mwadingusha, haijulikani na watu wengi ila kwa mitambo yake ya umeme, ambayo ilikamilika mwaka 1950, miaka ishirini baada ya ile ya Mwadingusha, na ambayo megawati zake 42 zilikusudiwa migodi na viwanda vya shaba vya Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville zama za Wabelgiji. Wakoloni waliipa mitambo hiyo jina la Kapteni Bia wa Ubelgiji, aliyefika Bunkeya, makao ya Mwami Msiri, wiki chache baada ya Mwami huyo kuuawa mwezi Desemba 1891, naye akafariki kabla ya mwaka uliofuata kwisha. Jina lake likaja likafutika, la Koni likabaki. Mahali kama hapa, ambapo kazi ya mshahara iliwakusanya watu wa kabila mbalimbali, ndipo swali la nani afundishe dini, na yeye mwenyewe afundishwe na nani kwanza, lilipopata uzito ambao halikuwa nao vijijini.

Shina la habari hii liko kaskazini, pwani ya ziwa Tanganyika, ambako mapadri wa shirika la Kardinali Lavigerie, wale walioitwa Mapadri Weupe, waliipokea stesheni ya Mpala mwaka 1885. Tangu 1879 Lavigerie alikuwa amekwisha kuwaamuru mapadri wake kwamba mtu asibatizwe kabla ya kutimiza miaka minne ya majaribio na mafundisho. Amri ile ilikuwa ya hekima, walakini ilizaa dharura ambayo mapadri wachache, waliokufa kwa homa wangali vijana, hawakuweza kuikidhi: nani akae na wanafunzi hao miaka minne, kijiji kwa kijiji? Lavigerie alijaribu kuijibu kwa njia yake mwenyewe, akawapeleka Malta vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, wakasomeshwa uganga wa kizungu, ili wawe matabibu na walimu wa dini kwa pamoja. Mashuhuri miongoni mwao ni Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za karibu na Timbuktu, aliyekaa Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa, akitibu na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1956. Lakini Malta ilikuwa mbali, na gharama yake kubwa; kwa hiyo kazi iliwaangukia watu wa hapo hapo, ambao elimu yao aghalabu haikuzidi kusoma, kuandika na kuikariri katekisimu.

Katanga ya kusini iliingia katika jambo hili baadaye. Mwaka 1910 Roma iliikabidhi kwa wamonaki wa Mtakatifu Benedikto waliotoka abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges, chini ya Jean-Félix de Hemptinne, mtu mwenye haiba na amri, ambaye alikaa katika madaraka hayo mpaka mauti yake mwaka 1958. Hawakuikuta nchi tupu, kwani Mprotestanti Frederick Arnot alikuwa amefika Bunkeya tangu 1886, na shindano la madhehebu lilifanya kila upande uharakishe kuweka mwalimu wake katika kila kijiji kabla mwingine hajatangulia. Hebu tumtazame mwalimu huyo: alfajiri anagonga kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, watoto na wazee wanakusanyika, anauliza swali la katekisimu naye mwenyewe analijibu, kisha wote wanaliitikia mara kumi au ishirini kwa sauti moja hadi ulimi uzoee, hata kama moyo haujafika; mchana analima shamba lake, maana ujira wake haumtoshi; na padri akija katika safari yake, humsikiliza mwalimu na wanafunzi wake pamoja, akampa sifa au karipio mbele ya watu wote.

Kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoamua, kuanzia mwaka 1928, kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao badala ya kuwarudisha kwao kila baada ya miezi kadhaa, iliwakabidhi wamisionari malezi ya ahali hizo, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya sala kwa pamoja. Mwalimu wa kambini alipata hadhi na shati safi, lakini alipoteza kitu. Kijijini alikuwa jirani. Kambini watu walimwona ni mmoja wa wale waliowekwa na wakubwa, pamoja na kapita na karani. Sidhani kwamba tunawadhulumu mapadri wa zama zile tukisema kuwa mafunzo waliyoyatoa yalithamini utii na hifadhi ya maneno kuliko ufahamu, wala kwamba kampuni iliona hasara katika hilo.

Aliyelitikisa jambo hili alikuwa Mfransisko, Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kukitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Mwaka 1953 alipelekwa Ruwe, kambi ya migodi karibu na Kolwezi, na huko, kati ya wafanyakazi na wake zao, ikazaliwa harakati ya Kikatoliki iliyoitwa Jamaa. Msingi wake ulikuwa maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, ambayo Tempels alidai kuwa ndiyo matamanio ya kila binadamu. Na utaratibu wake uliwashangaza wengi, kwani mtu hakuingia peke yake, waliingia mume na mke, wakiongozwa hatua kwa hatua na mume na mke wengine waliohesabiwa kuwa wazazi wao wa kiroho, mpaka wao nao wakaitwa baba na mama na kuweza kuwazaa wengine. Mafundisho yalitolewa jioni, baada ya zamu, nyumbani, kwa mazungumzo marefu, na mke alisema kama mume alivyosema. Katika muda wa miaka michache Jamaa ilikuwa imeenea katika kambi za shaba za Katanga, bila chuo na bila bajeti.

Kwa maaskofu, hapo ndipo palipokuwa na mashaka. Nani aliwapa watu hawa idhini ya kufundisha, na nani angewasahihisha? Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, wala hakuja tena Kongo kufanya kazi yake. Na katika miaka ya 1970 maaskofu, akiwemo Eugène Kabanga wa Lubumbashi, waliibana Jamaa hata wengine wakatoka. Walakini ni maaskofu wa Kongo hao hao waliochagua, tangu 1961, kulijenga kanisa juu ya jumuiya hai za majirani. Na serikali ya Mobutu ilipozichukua shule za misioni katikati ya miaka ya 1970, mafundisho ya dini yalirudi parokiani na majumbani, mikononi mwa walei.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya 1965 juu ya umisionari, ulikuwa umekwisha kutaka vyuo vya makatekista viongezwe na ujira wao uwe wa haki. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa, kwa wanaume na wanawake. Juu ya muda wa mafunzo na masharti ya kumkubali mtu, waraka wake uliwaachia maaskofu wa kila nchi waamue.