Unaijua White Chicks, unaijua Scary Movie. Je, aliyeziongoza unamjua?

Mara ya kwanza naiona White Chicks nilikuwa bado wa shule ya msingi, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Kiingilio shilingi 200, benchi la mbao, feni moja inayozunguka inapojisikia. Muvi yenyewe ilikuwa ya kutafsiriwa, jamaa anaongea juu kwa juu, na wale FBI wawili kashawapa majina ya Kibongo. Ilipofika ile sehemu baunsa Latrell anaimba kwenye gari wimbo wa Vanessa Carlton kwa hisia zote, kibanda kilipasuka. Mwenye kibanda akatishia kuzima.

Muvi ikiisha tu, mkanda unatolewa, unawekwa mwingine. Majina yale yanayopanda mwishoni hakuna aliyekaa kuyasoma, mimi nikiwemo. Ndo maana mpaka leo ukimuuliza mtu "White Chicks ya nani?" atakwambia ya Marlon Wayans. Sawa, Marlon yumo. Lakini aliyekuwa nyuma ya kamera ni kaka yake mkubwa, Keenen Ivory Wayans, na kiukweli stori yake inachekesha kidogo na inauma sana.

Keenen alizaliwa 1958, New York, mtoto wa pili kati ya kumi. Kumi, wadau! Familia haina hela, nyumba imejaa, na kila mtu pale ndani anajua kuchekesha. Akapata ufadhili wa kusoma uhandisi Tuskegee, chuo cha watu weusi kule Alabama, lakini badala ya mahesabu akawa anawavunja mbavu wenzake kwa stori za New York. Akaacha chuo kabla ya kuhitimu, akarudi mjini kuchekesha jukwaani. (Fikiria ungemwambia hivyo mama yako.)

Kwenye klabu ya Improv akakutana na Robert Townsend, mchekeshaji mwenzake. Wakahamia Los Angeles na wakakuta kitu kimoja: ukiwa mweusi, unaitwa kwenye usaili kuigiza kibaka, dalali wa machangudoa au mtumwa. Basi. Wakaandika muvi kuhusu huo huo upuuzi, Hollywood Shuffle, iliyotoka 1987. Townsend ndiye aliyeongoza, tena sehemu ya gharama aliilipia kwa kadi za mkopo. Muvi nzima iligharimu kama dola 100,000, hela ya chai kwa Hollywood.

Mwaka uliofuata Keenen akakaa mwenyewe kwenye kiti cha dairekta na kutoa I'm Gonna Git You Sucka. Humo anazitania zile muvi za mateke na bastola za watu weusi za miaka ya 70. Ujanja wake ni kwamba aliwachukua mastaa wa muvi hizo hizo, kina Jim Brown na Isaac Hayes, wakaja kujitania wenyewe. Chris Rock naye yumo kwa dakika chache tu, mteja anayetaka kununua ubavu mmoja wa nyama. Mmoja! Kaitafute, hiyo sehemu peke yake inatosha.

Sasa twende kwenye balaa lenyewe. Fox wakati huo kilikuwa kituo kichanga cha TV kinachotafuta jina. Wakampa Keenen kipindi, na tarehe 15 Aprili 1990 ikaanza In Living Color. Humo alikuwa mbunifu, mwandishi, muigizaji na bosi wa uzalishaji. Angalia aliowapa nafasi. Jim Carrey, mzungu mmoja mwembamba ambaye Hollywood ilikuwa haijui imfanyie nini. Jamie Foxx. Kati ya wale wasichana wa kucheza, Jennifer Lopez, kabla hajawa J.Lo. Halafu wadogo zake: Damon, Kim, Shawn, baadaye Marlon. Mwaka huo huo wa 1990 kipindi kikabeba Emmy.

Kuna kitu walifanya ambacho mpaka leo unakila matunda bila kujua. Januari 1992, wakati wa fainali ya Super Bowl iliyokuwa inarushwa na kituo kingine, mapumziko yalikuwa na shoo ya kupoa sana. Fox wakarusha In Living Color mubashara dakika zile zile. Watu zaidi ya milioni 20 wakahamisha chaneli. Wenye mpira wakashtuka, na mwaka uliofuata wakamleta Michael Jackson. Kuanzia hapo mapumziko ya Super Bowl yakawa hivi unavyoyaona leo, kina Beyoncé na Rihanna. Kama hukujua, ndo ujue, waliochokoza ni wachekeshaji.

Halafu ikaja ngumi. Huko Marekani, kipindi kikishatimiza idadi nzuri ya sehemu kinauzwa kwa vituo vingine vikirudie, na hapo ndo waliokitengeneza wanapovuna hela ndefu. Sasa Fox wakaanza kurudia wenyewe zile sehemu za mwanzo. Keenen akaona wanamuulia bei, maana nani atanunua kitu ambacho watu wamekinai? Wakabishana, na mwishoni mwa 1992 akaondoka kwenye kipindi alichokibuni mwenyewe. Wadogo zake nao wakaondoka. Kipindi kikajikokota bila Mwayans hata mmoja, na 1994 kikafa.

Hapo ndo mimi namheshimu huyu mzee. Wengi wetu tungebaki, mshahara unaingia, jina lipo. Yeye akaanza upya. Akaongoza A Low Down Dirty Shame 1994, akazalisha Don't Be a Menace ya wadogo zake 1996 (yule tarishi anayetokea kila mtu akiongea busara ni yeye), akajaribu kipindi cha mahojiano usiku ambacho hakikudumu hata mwaka mmoja. Tusidanganyane, miaka hiyo hakuwa anafunika.

Mpaka 2000, Scary Movie. Bajeti dola milioni 19, ikaingiza zaidi ya milioni 270 dunia nzima. Kwa muda huo hakuna muongozaji mweusi wa Marekani aliyekuwa na muvi yenye mauzo makubwa kuliko hiyo. Tangazo lake liliapa kwamba hakutakuwa na sehemu ya pili. Mwaka uliofuata sehemu ya pili ikatoka, na tangazo likakiri kwamba walidanganya, haha.

Lakini jina la Scary Movie lilikuwa mali ya studio. Ya tatu ilipotoka 2003, muongozaji alikuwa David Zucker, na familia ya Wayans haikuwemo kabisa. Kitu kile kile cha Fox kimejirudia. Watu waliendelea kuingia sinema wakidhani ni muvi ya wale wale.

Jibu la Keenen lilikuwa White Chicks, 2004. Shawn na Marlon wanakaa saa kibao wakipakwa sura za kizungu kila siku ya kazi. Wachambuzi waliiponda. Razzie, zile tuzo za kuaibisha, zikaiteua hadi kipengele cha muongozaji mbaya. Mauzo yakazidi dola milioni 110. Na ukweli ni kwamba zile tuzo hazikufika kwenye kibanda chetu, Latrell alifika.

Baada ya hapo akaongoza Little Man, 2006, kichwa cha Marlon kwenye mwili wa mtu mfupi. Binafsi siipendi, utani mmoja umevutwa muvi nzima. Tangu hapo hajaongoza muvi nyingine ya sinema.

Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba Keenen, Shawn na Marlon wanarudi kuandika Scary Movie mpya, zaidi ya miaka 20 tangu waikose. Kiti cha dairekta kapewa Michael Tiddes, ambaye amefanya muvi kadhaa na Marlon. Mzee yupo upande wa kalamu.

Mi safari hii nitasubiri majina yapande mpaka mwisho. Halafu anayekumbuka Latrell alipewa jina gani kwenye ile ya kutafsiriwa aandike hapo chini, linanisumbua tangu juzi.